Jokofu Lililosubiri Mkasi

Kuna nchi moja ambayo jina lake siwezi kulitaja, kwa kuwa halijazinduliwa rasmi. Msidhani nawaficha. Sheria ya huko inasema wazi kwamba kitu ambacho hakijazinduliwa na kiongozi mwenye mkasi hakipo, na anayedai kipo ni mzushi. Wananchi wake ni watiifu kupita kiasi. Wana daraja la zege lililokamilika zamani, nao huvuka mto kwa kuogelea chini yake, nguo wamezifunga kichwani, huku wakikisifu kivuli chake. Sokoni kwao kuna kisima chenye pampu inayong'aa. Akina mama hukipita na ndoo zao kwenda kuteka bondeni, na mgeni akiuliza kile ni nini, humshangaa na kumuuliza, "Kile kipi?"

Lawama zisimwendee waziri, maana maskini hakuwa na nafasi hata ya kujikuna. Mheshimiwa Sifaeli Mng'aro, Waziri wa Afya na Uzinduzi, alikuwa akikata tepe tangu anapoamka hadi anapolala. Alizindua vyoo, akazindua vibao vya kuelekeza kwenye vyoo, kisha akazindua semina ya kujadili kibao kipi kielekee choo kipi. Mkasi wake wa dhahabu ulikaa kwenye sanduku la mahameli, na sanduku lilikaa mikononi mwa Bwana Kilindo, Afisa Itifaki, mtu mwembamba aliyependa kuvuta pumzi kabla ya kusema hapana. Huyo ndiye aliyepanga zamu ya vitu kuanza kuwapo. Kuna watu waliooa, wakazaa na kuota mvi wakingojea taa ya mtaa wao ifikiwe.

Siwema Chilongola hakuwa na ugomvi na mambo hayo. Kazi yake ilikuwa gari la wagonjwa. Ajali ikitokea, nyumba ikiungua, mtu akichomwa kisu kwenye harusi, simu ilipigwa kituoni kwao, naye aliruka garini pamoja na mwenzake Chande Likoloma, huku Mzee Pazi akiwa kwenye usukani. Walifika mahali damu ikiwa bado ya moto. Glavu hawakuwa nazo. Walivaa mikononi mifuko ya mkate waliyoiomba kwa muuza duka jirani, wakaifunga vifundoni kwa mpira. Majeruhi wengi wa mji ule, waliporudiwa na fahamu, kitu cha kwanza kukiona katika maisha yao mapya kilikuwa maneno MKATE LAINI WA MAZIWA yakiwasogelea usoni.

Siku moja serikali ikawakumbuka. Likaletwa jokofu refu la mlango wa kioo, kama yale ya kuuzia soda, likasimamishwa ukutani kituoni. Ndani yake kulikuwa na glavu, miwani ya kukinga macho, chanjo ya homa ya ini, na sindano na vidonge vya kumwahi mtu aliyeingiwa na damu ya mwenzake kwenye jeraha. Mtaalamu mmoja alisema glavu hazihitaji baridi, akaambiwa kwamba picha inazihitaji. Na ili jokofu lipendeze machoni pa wageni waalikwa, dawa hizo zilikombwa kutoka hospitali zote za nchi zikajazwa humo, hata sehemu nyingine yoyote ikabaki haina. Kisha likafungwa utepe wa rangi za bendera, likawekewa askari mwenye bunduki.

"Sasa tutafungua lini?" Chande aliuliza.

"Kufungua nini?" askari akamjibu, macho mbele. "Mimi hapa nalinda ukuta."

Chande alikuwa mtu wa mzaha. Alikuwa na tabia ya kuwaimbia majeruhi nyimbo za kubembelezea watoto, na wengi walisahau kufa kwa kumcheka sauti yake. Kila asubuhi alisimama mbele ya lile jokofu, akaligongea kioo na kulisalimu. "Dada Siwema," akasema, "hili jamaa halina adabu. Nalisabahi mwezi wa pili huu, haliitikii hata kwa kichwa."

Siwema alicheka. Baadaye aliutamani sana ule wepesi wa kucheka.

Basi la abiria lilipopinduka karibu na machinjio, Chande ndiye aliyeingia ndani kwa dirishani kumtoa mzee mmoja aliyebanwa na viti. Alimtoa. Lakini kipande cha kioo kilichokwisha kumchana yule mzee kilipita kwenye mfuko wa mkate, kikazama kwenye kiganja cha Chande, damu ya mzee ikaingiana na yake. Chande akautazama mkono wake, akamtazama Siwema, akauvua ule mfuko wa mkate polepole.

Mzee Pazi aliendesha kurudi kituoni kama mwehu. Dawa ilikuwa pale, nyuma ya kioo, inamulikwa na taa. Chande aliunyoosha mkono hadi kwenye utepe, na askari akaelekeza bunduki kwake, machozi yakimtiririka. "Usinifanyie hivyo, kaka. Ninao watoto." Kila mtu alimkumbuka muuguzi mmoja aliyekata utepe wa wodi kwa meno ili mama mmoja ajifungulie kitandani. Alikuwa bado yuko gerezani kwa kosa la kuhujumu furaha ya taifa.

Siwema akampigia simu Bwana Kilindo.

"Jokofu lenu lipo kwenye zamu," Kilindo alisema kwa upole. "Linafuata baada ya mnara wa saa, kabla ya mbuzi wa mradi."

"Bwana Kilindo, dawa hii ina muda wake. Isipowahiwa, mtu atakufa."

Kilindo akavuta pumzi. "Dada yangu, tusitishane. Ila mkipatwa na msiba mtuarifu mapema. Misiba tunaipa kipaumbele."

Walimwendea Kilindo kesho yake, na kesho kutwa, mpaka muda wa dawa ukapita. Miezi michache baadaye macho ya Chande yaligeuka manjano kama yamepakwa bizari. Tumbo likamvimba, akawa hali, akawa halali, akawa hamwimbii mtu. Siwema alimuuguza kwa zamu na mkewe. Siku aliyokata roho, Siwema na mkewe walikuwa chumbani, na kwenye kona, kwa sababu hakuna cha kutupa katika nyumba ya maskini, kulikuwa na furushi la mifuko ya mkate.

Na hapo serikali haikuchelewa hata kidogo.

Kaburi ambalo halijazinduliwa halipo, na maiti haiwezi kuzikwa mahali pasipokuwapo. Mheshimiwa Mng'aro alifika makaburini kabla ya jeneza, na bendi ya matarumbeta, na kwaya, na kapu la maua. Utepe ulikuwa umekwisha kutandwa juu ya shimo. Akasimama kando yake, akajipangusa jasho na kusema, "Ndugu Chande alitumikia umma kwa mikono yake miwili. Serikali inayojali haiwezi kumwacha bila makazi. Leo nina furaha kubwa kuyafungua rasmi makazi yake mapya. Namwomba ayatumie vizuri na kuyatunza." Akakata. Kilindo akawaashiria akina mama, na vigelegele vikapigwa na watu waliokuwa wanalia.

Siwema hakulia. Alihisi kitu kikimganda kifuani, kigumu, na hakutaka kiyeyuke. Alimpenyea waziri kati ya walinzi akamuuliza, "Mheshimiwa, na lile jokofu letu?"

Waziri akampapasa bega. "Subira yavuta heri, binti."

Usiulize Siwema alijisikiaje. Alimchukia. Alimchukia kuanzia visigino vya viatu vyake vilivyong'arishwa hadi kwenye kile kipara kilichopakwa mafuta, na aliporudi garini aliketi akaangalia mbele muda mrefu.

"Umenyamaza, mwanangu," Mzee Pazi alisema.

"Nimeamua kuitii sheria, baba."

"Yaani umekata tamaa?"

"Hapana. Nitaitii yote, mpaka wenyewe waione."

Tangu hapo Siwema akawa mcha sheria kuliko jaji. Aliutafuta Mwongozo wa Uzinduzi wa Taifa, akausoma akila, akausoma kwenye foleni, akaujua kuliko anavyoijua njia ya kwao. Wenzake walidhani huzuni imempanda kichwani. Kilindo alipata habari zake, akamsifu hadharani kuwa mfano kwa vijana. Siwema akashukuru kwa unyenyekevu, akaendelea kuvaa mifuko ya mkate.

Mwaka uliofuata serikali ilijenga tuta barabarani, mbele ya shule moja, kuzuia magari yasigonge watoto. Lilikuwa tuta zuri, la juu, limepakwa rangi nyeupe na nyeusi. Likabaki kuzinduliwa tu. Kabla ya hapo, dereva aliyepunguza mwendo mbele yake alitozwa faini, kwa kuwa kupunguza mwendo ni kukiri kwamba lipo.

Siku ya uzinduzi, umati ulijipanga pembeni: wanafunzi, kwaya, bendi, wapiga picha. Gari la waziri lilikuja likitimua vumbi. Ndani, dereva wake aliyeitwa Kombo, mtu mtiifu asiye na makuu, aliliona tuta kwa mbali.

"Mheshimiwa, nipunguze mwendo?"

"Kwa ajili ya nini?" akauliza waziri.

Kombo hakuwa na jibu la kisheria. Akakanyaga mafuta. Gari likalivaa tuta ambalo halipo, likapaa, likageuka hewani na kutua kwa ubavu mbele ya kwaya. Kwaya, ikidhani hiyo ni sehemu ya ratiba, ikaanza kuimba.

Waziri alitambaa akatoka mzima, ila kioo kilikuwa kimemkata kiganja cha kulia. Kombo alitolewa na watu, kichwa kimepasuka, damu inamwagika. Wapiga picha wakakimbia kuelekea kwao, na Mheshimiwa Mng'aro, hata katika saa ya dhiki kama hiyo, akakumbuka kwamba uchaguzi u karibu. Akavua koti, akapiga magoti, akamkumbatia Kombo, akambana jeraha kwa kiganja chake. "Huyu ni mwanangu!" akalia. "Mkono mtupu ndio mkono wa upendo! Piga ukitokea huku, huko jua linapiga kioo."

Siwema alifika na gari la wagonjwa wakati picha zinamalizika. Kwanza alimshughulikia Kombo, kwa utulivu na kwa ufundi wake wote. Akamfunga kichwa, akamlaza machela, akamwingiza garini. Kombo alipona, nasema mapema ili msije mkakaa mnamhofia. Kisha Siwema akamgeukia waziri.

"Mheshimiwa, hebu nione mkono."

"Mchubuko tu."

"Mchubuko ndio mlango. Hii damu iliyojaa humu si yako."

Waziri akautazama mkono wake. "Kombo... Kombo ana nini?"

"Sijui. Na yeye hajui. Damu haina kibao, Mheshimiwa. Hata Chande hakujua."

"Chande nani?"

Mzee Pazi anasema aliona taya la Siwema likicheza. "Ulimzindulia kaburi," Siwema akasema.

Hapo rangi ikamtoka waziri. Alitaka kusafirishwa ng'ambo, akakumbushwa kwamba ndege mpya haijazinduliwa na ya zamani ilikwisha kuzinduliwa kuwa mgahawa. Akaingia gari la wagonjwa, akaketi kwenye benchi ya chuma karibu na miguu ya Kombo, mkono ameuinua juu kama mtoto anayeomba ruhusa darasani. Walimshusha Kombo hospitali. Daktari wa zamu akauosha ule mkono kwa maji na sabuni, akasema ametoa msaada wote alio nao, maana dawa za kinga zote zilikwenda kwenye jokofu.

Wakafika kituoni. Kilindo aliwafuata nyuma na sanduku la mahameli. Askari akapiga saluti.

"Fungua!" waziri akaamuru.

"Nifungue nini, Mheshimiwa?" askari akauliza. "Hapa pana ukuta."

"Kilindo, nipe mkasi!"

"Bwana Kilindo," Siwema akasema kwa sauti ya heshima mno, "wewe ndiwe mlinzi wa Mwongozo. Uzinduzi bila kwaya ni nini?"

Kilindo alivuta pumzi, akamtazama waziri, akamtazama askari, ambaye bunduki yake ilikuwa imeanza kuyumba ikitafuta pa kuelekea. "Ni... ni hujuma," akasema kwa sauti ya chini.

"Na bendi? Na wageni waalikwa? Na mzinduaji mwenye shati lenye madoa?"

"Hujuma. Hujuma. Hujuma kubwa."

"Sheria hizi alitia saini nani?"

Kila aliyekuwapo alimtazama waziri. Wafanyakazi wa magari mengine ya wagonjwa walikuwa wamekwisha kuanza kujaa uani, wakaegemea kuta, wamekunja mikono.

Basi kwaya ikafuatwa kwenye tuta. Ikaja kwa miguu, kwa sababu basi lake lilikuwa jipya. Waziri akaazimwa shati la Mzee Pazi, lililombana kifungo cha tumbo. Bendi ikapiga wimbo wa taifa, beti zote. Viongozi wa dini wakaomba, wa kwanza kwa kirefu, wa pili kwa kirefu zaidi ili asionekane hana imani. Waziri alikuwa akitweta. Kila mara alikitazama kiganja chake, kisha kioo cha jokofu, na vichupa vile nyuma ya kioo.

"Binti," akanong'ona, "muda wa dawa je?"

"Subira yavuta heri, Mheshimiwa."

Muda ulikuwa bado upo tele. Siwema alilijua hilo vizuri, kwa kuwa ndio muda uleule aliokuwa nao Chande. Hakutaka afe. Alitaka akae ndani ya muda ule, aupime kwa pumzi zake, ajue ulivyo. Na nikisema hakuona utamu moyoni nitakuwa mwongo.

Waziri akapanda jukwaani. "Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa..."

"Haijazingatiwa!" Siwema akasema kutoka chini. Wenzake wakaitikia, "Haijazingatiwa!"

Ikabidi awataje wageni wote, mmoja mmoja, kwa vyeo vyao, hadi mwenyekiti msaidizi wa kamati ya viti. Kisha akaanza hotuba aliyoandikiwa siku jokofu lilipoletwa. Alijaribu kuruka ukurasa. "Soma yote!" uani pakarindima. Akasoma yote. Akasoma mahali palipoandikwa kwamba serikali yake inaujali mkono unaookoa maisha kuliko mboni ya jicho lake. Akasoma kwamba tangu siku ile hakuna mwokoaji atakayekufa kwa damu ya aliyemwokoa. Hakuna aliyempigia makofi.

"Kabla ya kukata utepe," Siwema akasema, "Mwongozo unatutaka tuwakumbuke marehemu waliohusika na mradi. Tusimame dakika moja kwa ajili ya Chande Likoloma."

Wakasimama. Kuhesabu ile dakika ilikuwa kazi ya Siwema, na Siwema hakuwa na haraka. Jokofu lilikuwa linanguruma. Waziri alisimama ameinamisha kichwa, jasho likimdondoka puani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alilitamka lile jina bila kuandikiwa. "Chande," akasema polepole, kama anayejaribu kumkumbuka mtu sura. "Chande. Chande." Alipoinua kichwa, macho yake yalikuwa mekundu, na Siwema akaona kwamba kweli anaogopa kufa, woga wa mtu wa kawaida asiye na cheo.

"Kata," Siwema akamwambia.

Akakata. Ikamchukua mara tatu. Bendi ikavuma, na askari akageuka, akaitazama ile mali aliyokuwa akiilinda, akasema kwa mshangao wa kweli, "Kumbe ni jokofu!"

Waziri akarukia mpini wa mlango. Siwema akamzuia kwa kiwiko. "Kifaa kikizinduliwa hutumiwa kwanza na waliokusudiwa. Wewe uliandika." Wakapanga foleni: madereva, wauguzi wa magarini, wazima moto waliosikia habari wakaja mbio. Kila mmoja alichomwa chanjo, akapewa glavu. Waziri alikuwa wa mwisho, nyuma ya Kilindo, ambaye hakuwa mwokoaji wa mtu yeyote lakini alisema ameshtuka.

Zamu yake ilipofika, Siwema alimchoma sindano mwenyewe. Alimchoma vizuri, bila kumuumiza, akamhesabia vidonge vyake na kumweleza namna ya kuvimeza. Mheshimiwa Mng'aro alishusha mkono wa shati la Mzee Pazi, akabaki amesimama. Wote walikuwa wametoka nje, hakuna kamera hata moja.

"Nitapona?"

"Umewahi. Uwezekano mkubwa utapona."

Akageuza kichupa cha vidonge mkononi. "Yule kijana... sikujua. Naapa sikujua. Binti yangu, nisamehe."

Hasira ya Siwema ilikuwa palepale, nzima, haijapungua hata tone, na alishangaa kuona jinsi inavyoweza kukaa ndani ya mtu mmoja na mikono ikabaki imetulia.

"Msamaha upo, Mheshimiwa," akasema. "Nauona kabisa, uko nyuma ya kioo. Lakini haujazinduliwa. Na aliyekuwa na mamlaka ya kuuzindua ulimpa makazi mapya."

Nje, Mzee Pazi akapiga honi. Kulikuwa na mtu ameanguka kwenye jengo linalojengwa karibu na stendi. Siwema akavaa glavu zake, akazivuta mpaka vifundoni, akamwacha waziri peke yake kwenye mwanga wa jokofu.